Dawa ya Deni ni Kulipa: Maoni ya Shabiki wa Ingwe

Mpenzi msomaji, najua ukiona neno "Ingwe" hapo juu utataka kugeuza ukurasa haraka uende kwenye vitendawili. Tafadhali usigeuze. Na wewe mvulana wa kidato cha tatu, wewe ambaye kila Jumatatu asubuhi huniuliza, "Ingwe wamefungwa ngapi?" kisha ukacheka mpaka ukajishika mbavu, makala haya nimeyaandika nikikufikiria wewe hasa. Kaa chini usome mpaka mwisho. Ukimaliza, cheka ukitaka.

Mimi ni msichana. Wengine watauliza, msichana na kabumbu wapi na wapi? Nami nitawauliza, je, Vihiga Queens ni timu ya akina nani? Si ni wasichana wa hapa jirani tu, waliofika mpaka Misri mwaka wa 2021 kucheza Ligi ya Mabingwa ya Wanawake wa Afrika ilipofanyika kwa mara ya kwanza? Basi hayo tuyaache. Leo nataka kusema juu ya AFC Leopards, timu ambayo sikuichagua. Nilizaliwa nikaikuta nyumbani, kama nilivyokikuta kinu na mchi.

Babu yangu ndiye aliyeileta. Yeye husimulia kwamba mwaka wa 1964, vilabu vidogo vidogo vya watu wa kwetu viliungana vikawa klabu kimoja, kikaitwa Abaluhya. Mwaka wa 1980, serikali ilipotaka vilabu viache majina ya kikabila, ndipo jina la AFC Leopards lilipozaliwa. Zile herufi A, F na C zilibaki pale pale, maana yake tu ndiyo iliyobadilishwa. Na kwa vile chui kwa Kiluhya ni ingwe, sisi tukaendelea kuiita Ingwe.

Ukitaka babu asahau chakula chake kikapoa, mtajie wachezaji wa zamani. Atakuanzia na Joe Kadenge, yule aliyefariki mwaka wa 2019, ambaye jina lake liligeuka kuwa msemo. Mpaka leo watu ambao hawakumwona hata siku moja akicheza husema "Kadenge na mpira." Kisha atakwenda kwa Mahmoud Abbas langoni, Wilberforce Mulamba, na Joe Masiga aliyekuwa mshambuliaji na pia daktari wa meno. (Hapo babu hunitazama mimi na kusema, "Unaona? Mpira na masomo si maadui.") Atakwambia jinsi Ingwe walivyotwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka wa 1982, 1983 na 1984, miaka mitatu mfululizo, na lile la mwaka wa 1984 wakalichukua kwa kuwashinda Gor Mahia katika fainali. Akifika hapo, babu husimama. Hawezi kuisimulia ile fainali akiwa ameketi.

Lakini mimi nina miaka kumi na sita. Mambo hayo yote nimeyasikia kwa masikio, sikuyaona kwa macho. Mara ya mwisho Ingwe kuwa mabingwa wa ligi ya Kenya ilikuwa mwaka wa 1998, na wakati huo mama yangu alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mwaka wa 2006 timu ilishuka daraja. Ndiyo, Ingwe ilishuka daraja! Ikarudi ligi kuu mwaka wa 2009. Tangu hapo imepata vikombe vya mtoano mwaka wa 2013 na 2017, na mwaka wa 2021 ikafika fainali tena ikashindwa na Gor kwa mikwaju ya penalti. Lakini ligi yenyewe, hapana. Msimu wa 2024/25 ulipokwisha, ubingwa ulikwenda kwa Kenya Police kwa mara yao ya kwanza. Gor walikuwa wameshafikisha mara 21. Sisi tulikuwa tumetimiza miaka 27 tukihesabu kidole kile kile kimoja.

Sasa tatizo ni nini? Hapa ndipo kila mtu huwa profesa. Nenda stendi ya boda boda, nenda kwa kinyozi, nenda hata kanisani watu wakishatoka ibada. Huyu atakwambia kocha hafai. Yule atasema wachezaji ni wavivu, hawana uchungu na jezi. Mwingine atawalaumu marefa. Kuna mzee mmoja mtaani kwetu ambaye anaamini kabisa kwamba mtu alifukia kitu uwanjani Nairobi na mpaka kifukuliwe hatutapata kombe. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Maoni yangu ni kwamba ugonjwa wa Ingwe hauko miguuni. Uko mfukoni, na tena si kwa sababu mfuko ni mtupu, bali kwa sababu ya tabia ya kuahidi bila kulipa.

Wacha nianze na makocha. Kati ya mwaka wa 2018 na mwanzo wa 2019 tu, Ingwe ilipitiwa na Rodolfo Zapata kutoka Argentina, ikaja kwa Nikola Kavazovic, ikaja kwa Marko Vasiljevic, kisha ikafika kwa Casa Mbungo wa Rwanda. Hebu fikiria darasa letu lingebadilishiwa mwalimu wa hesabu mara nne namna hiyo. Huyu anaanza na aljebra, yule anasema hapana, tuanze na jometri, wa tatu hajajua hata majina yetu na tayari anafunga virago. Mtihani ukija tukaanguka, utasema wanafunzi ni wajinga? Mchezaji naye ni hivyo hivyo. Leo anaambiwa acheze pembeni, kesho katikati, kesho kutwa anakaa benchi kwa sababu kocha mpya hampendi. Anashindwa hata kumjua mwenzake atampasia wapi.

Na kocha akifukuzwa, haondoki hivi hivi. Ana mkataba. Anakudai. Hapo sasa nataka nikupeleke sokoni, msomaji, maana mimi jambo hili nililielewa kutoka kwa biashara ya mama yangu kabla sijalielewa kutoka kwa gazeti.

Mama anauza mboga na omena katika soko la Kakamega. Kwa kuwa mimi nasoma shule ya kutwa, jioni nikitoka shuleni napitia kwake, na kazi yangu ni daftari. Upande wa kushoto naandika wanaotudai, upande wa kulia naandika tunaowadai. Kuna mzee anayetuletea omena kwa jumla. Mwaka jana biashara ilikuwa mbaya, mama akachukua mzigo kwa mkopo mara tatu bila kumaliza ule wa kwanza. Siku moja yule mzee alikuja na magunia yake, akayapitisha mbele ya kibanda chetu, akampelekea jirani. Hakutukana, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, umalize lile la kwanza, halafu tuongee." Wiki mbili tuliuza sukuma wiki peke yake. Pesa kidogo tulizokuwa nazo hazikutusaidia kitu, kwa sababu hakuna aliyetaka kutuuzia omena.

Basi hicho ndicho kilichoipata Ingwe. Mwezi wa Agosti 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa ikidhamini Ingwe na Gor, ilijiondoa baada ya kuzozana na serikali juu ya leseni. Mishahara ikakatika. Casa Mbungo aliondoka mwezi wa Desemba mwaka huo huo kwa sababu ya kutolipwa, na wachezaji kadhaa wa kigeni nao wakaondoka. Mashtaka yakafika FIFA. Na FIFA ikafanya vile vile alivyofanya mzee wa omena: ikaizuia klabu kusajili wachezaji wapya mpaka ilipe wanaodai. Mwaka wa 2021 na 2022 tulikuwa tunaona timu nyingine zikinunua, sisi tunatazama magunia yakipita.

Kuna watu watasema, lakini huwezi kuilaumu klabu, mdhamini ndiye aliyewaacha. Mgala muue na haki umpe. Ni kweli, SportPesa ilipoondoka timu nyingi ziliumia. Ni kweli pia kwamba mwaka wa 2022 Kenya yote ilifungiwa na FIFA miezi kadhaa kwa sababu ya ugomvi wa serikali na shirikisho. Ni kweli kwamba Kasarani na Nyayo vilifungwa kwa matengenezo kabla ya mashindano ya CHAN ya mwaka wa 2025, na timu za Nairobi zikawa zinahangaika kama mkimbizi asiye na kwao. Yote hayo nayakubali. Lakini nauliza swali moja tu: kama riziki yako yote inatoka kwa mtu mmoja, kwa nini unaandika mikataba kama kwamba mtu huyo hataondoka kamwe? Mama alipopata funzo la omena, sasa akipata shilingi kumi huweka mbili kando kabla hajanunua chochote. Yeye aliacha shule darasa la nane. Klabu ina wahasibu na mawakili.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili linaniuma hivi, maana unaweza kufikiri ni mapenzi ya mpira tu.

Nina kaka. Ni winga wa kushoto. Wale waliomwona akicheza hapa Kakamega wanajua sisemi uongo kwa sababu ni ndugu yangu. Alipomaliza kidato cha nne aliitwa na klabu fulani ambacho sitakitaja, na si Ingwe. Siku aliyoondoka mama alichinja kuku. Kaka aliahidiwa mshahara kila mwezi na nyumba ya kukaa. Miezi miwili ya kwanza alilipwa, akatutumia pesa, tukanunua godoro. Mwezi wa tatu akaambiwa kesho. Wa nne, kesho. Mwenye nyumba aliweka kufuli juu ya kufuli yake. Wakati mwingine alikuwa akienda mazoezini hajatia kitu tumboni tangu jana. Halafu Jumapili mashabiki wanamzomea, "Toa huyo! Hana mbio!"

Alirudi nyumbani usiku, na mkoba mmoja. Hatukumwuliza kitu. Asubuhi niliona ametundika njumu zake kwenye msumari ukutani, na mpaka leo ziko pale pale. Sasa anaendesha boda boda ya mtu mwingine. Siku moja nilimwuliza, je, mpira ulikuwa mgumu kule? Akaniambia, "Mpira si mgumu. Lakini ukiwa unafikiria kodi ya nyumba, mpira ukija miguuni unauona kama mzigo."

Tangu siku hiyo mimi siwezi kumzomea mchezaji yeyote, hata awe amekosa goli lililo wazi kama mlango wa kanisa. Kwanza nataka kujua, je, amelipwa?

Sisi watu wa huku tunapenda vita vya mafahali. Nenda Khayega uone. Mwenye fahali humlisha, humkanda, humlinda usiku kama mtoto. Sijawahi kusikia mtu aliyemlaza fahali wake njaa wiki nzima, akampeleka uwanjani na isukuti ikilia mbele, kisha akamlaumu fahali kwa kukimbia. Watu wangemcheka yeye. Lakini kwa timu ya mpira tunafanya hivyo kila mwaka, na tunamcheka fahali.

Tuje kwa wachezaji sasa. Wengi wanasema Ingwe haina wachezaji. Mimi nasema uongo mtupu. Msimu wa 2023/24 walikuwamo Levis Opiyo, Kayci Odhiambo na Victor Omune, na hayo ni majina ambayo timu yoyote ya ligi yetu ingeyapokea kwa mikono miwili. Tatizo ni kwamba hatukai na watu. Mchezaji akianza kuzoeana na wenzake, ama anachoka kungoja mshahara ama mkataba unakwisha hakuna aliyekumbuka. Kisha tunaanza upya, tunaokota watu kumi kwa mpigo, wengine kutoka mbali, kwa mkataba mfupi. Timu hainunuliwi kama mitumba, siku ya soko, unachagua ukiwa mbioni. Timu hulelewa.

Na hapa nataka niseme jambo ambalo litashangaza wengine. Kile kifungo cha FIFA kilitufundisha kitu kizuri. Kwa kuwa hatukuweza kununua, kocha Patrick Aussems wa Ubelgiji, aliyekuja mwaka wa 2021, alilazimika kuwatumia vijana. Watu wakasema tutashuka daraja. Hatukushuka. Wale vijana walishindwa mechi nyingine, wakashinda nyingine, lakini walikimbia dakika zote tisini. Kumbe watoto walikuwapo siku zote, ila hakuna aliyewatazama mpaka mlango wa duka ulipofungwa!

Mcheza kwao hutunzwa. Je, sisi tunawatunza? Kakamega hii ndiko kulikojaa vipaji. Green Commandos wa Kakamega School ni jina linalojulikana Kenya nzima. Musingu nako wanasakata mpira wa kweli. Hata katika shule yetu ya kutwa, ambayo uwanja wake una mteremko na mti wa mparachichi karibu na kona, kuna wavulana wawili ambao wakipata malezi watakwenda mbali. Na tazama jirani zetu wa Kakamega Homeboyz. Msimu wa 2021/22 walimaliza sawa na Tusker kwa pointi, wakakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu. Mwaka wa 2023 wakachukua kombe la shirikisho. Hawana historia ya Ingwe, hawana nyimbo za Ingwe. Lakini wako hapa, wanawaona watoto wakicheza chandimu barabarani.

Najua utaniuliza, mbona basi usiwashangilie Homeboyz uache kujitesa? Ni swali zuri, na kaka yangu huniuliza hilo hilo. Homeboyz nawapenda, wakicheza na timu nyingine yoyote niko upande wao. Lakini mtu hamwachi babu yake kwa sababu jirani amejenga nyumba ya matofali.

Pendekezo langu juu ya wachezaji ni hili. Klabu kiwe na watu wake hapa Kakamega, wanaolipwa, ambao kazi yao ni kutazama mashindano ya shule kila muhula. Nusu ya kikosi iwe vijana waliolelewa ndani, wapewe mikataba ya miaka mitatu na waachwe wamalize masomo. Wazee wawili watatu wabaki, maana penye wazee hapaharibiki neno. Mchezaji wa nje aletwe tu pale ambapo kuna pengo la kweli, na aletwe baada ya pesa zake kuwa benki, si kabla. Na kocha apewe misimu miwili kamili. Akishindwa misimu miwili, aende kwa amani, na alipwe siku anayoondoka.

Kuhusu uongozi, nitasema kwa adabu, maana hao ni wazee wangu. Tangu mwaka wa 2019 mwenyekiti alikuwa Dan Shikanda, ambaye ni daktari na aliwahi kuichezea timu hii hii. Mwezi wa Juni 2025 wanachama walimchagua Boniface Ambani, mshambuliaji wa zamani aliyewahi pia kufunga mabao mengi akiwa Yanga ya Tanzania. Mimi nafurahi tukiongozwa na watu ambao miguu yao inajua uchungu wa uwanja. Madeni haya hayakuletwa na mtu mmoja, wala si haki kumtwika mmoja mzigo wote. Lakini kujua mpira ni jambo moja, na kujua daftari ni jambo jingine. Nahodha wengi, jahazi huenda mrama. Kila mtu katika kamati anataka kuchagua mchezaji, na hakuna anayetaka kushika kalamu ya madeni. Mimi ningesema hivi: kocha achague, mwenyekiti alipe, mhazini asome hesabu mbele ya watu.

Hilo la mwisho si ndoto. Chama chetu cha Kiswahili hapa shuleni ni kidogo, lakini kila muhula mhazini husimama mbele yetu na kusoma: karatasi kiasi hiki, chapa kiasi hiki, soda za mgeni kiasi hiki. Mwaka jana aliulizwa maswali karibu nusu saa juu ya gundi. Gundi! Alikasirika, lakini alijibu, na ndiyo maana gazeti hili unalishika mkononi. Kama wanafunzi wanaweza kusomeana hesabu ya gundi, klabu chenye mashabiki kutoka Busia mpaka Mombasa kinaweza kutusomea hesabu ya tiketi na jezi mara mbili kwa mwaka.

Watu wengine wanasema dawa ni tajiri mmoja tu aje atie pesa, kama ilivyokuwa Tanzania. Ni kweli Simba na Yanga walipata watu wenye uwezo, na matunda yameonekana: Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka wa 2023, na Simba mwaka wa 2025. Hawa ni watu ambao zamani tulikuwa tunakutana nao kwenye kombe la Afrika Mashariki na hatukuwaogopa. Kwa hivyo tajiri akija, karibu. Lakini tajiri mwenye akili kabla ya kutia pesa huuliza daftari liko wapi. Akilikosa, atapita na gunia lake kwa jirani.

Na sasa nafika kwetu sisi mashabiki. Usifikiri tutapona bila kuguswa. Tunataka timu ilipe, je, sisi tunalipa? Tunapenda kuimba, tunapenda isukuti, lakini ikifika tiketi, ah! Huyu anamjua bawabu, yule anaruka ukuta, mwingine anangoja kipindi cha pili geti lilegee. Jezi tunanunua ile bandia ya barabarani kwa sababu ni nafuu, kisha tunapiga kelele kwamba wachezaji hawajalipwa. Pesa za kuwalipa zitoke wapi, mbinguni?

Nami sitajificha nyuma ya kalamu. Mara ya kwanza kuiona Ingwe kwa macho yangu ilikuwa hapa Bukhungu, nikiwa kidato cha kwanza. Kaka ndiye aliyenipeleka. Watu walikuwa wengi mlangoni, wakisukumana, kaka akanishika mkono, tukajipenyeza katikati ya kundi tukajikuta ndani. Hatukulipa hata senti. Nilifurahi sana siku hiyo. Niliona zile jezi za buluu na nyeupe zikitoka, ngoma zikapigwa mpaka nikazisikia kifuani, na nikafikiri, kumbe babu hakuwa akisimulia hadithi tu. Sikufikiri hata mara moja kwamba kati ya wale vijana waliovaa buluu na nyeupe, huenda alikuwako mmoja ambaye mwenye nyumba wake ameweka kufuli juu ya kufuli. Nililifikiria hilo baadaye sana, siku nilipoziona njumu kwenye msumari.

Kwa hivyo, wewe mvulana wa Jumatatu asubuhi, jibu langu ndilo hili. Usiniulize Ingwe wamefungwa ngapi. Niulize wamelipwa lini. Siku utakaposikia kwamba Ingwe wamelipana mwaka mzima bila mtu kwenda FIFA, siku hiyo anza kuogopa, maana kombe litakuwa liko njiani.

Mimi nimeanza na upande wangu. Katika lile daftari la mama nimefungua ukurasa wa nyuma kabisa, upande wa kushoto, pale ninapoandika wanaotudai. Nimeandika: Ingwe, tiketi mbili, yangu na ya kaka. Mama aliuona akacheka, lakini hakuufuta. Ninaweka shilingi tano tano kwenye kopo. Ingwe wakija tena Bukhungu nitakwenda mlangoni mchana kweupe na kununua tiketi nne: mbili za siku hiyo, na mbili za ile siku. Nikikuta bawabu ananishangaa, nitamwambia dawa ya deni ni kulipa. Na nimeshamwambia kaka aoge mapema, tutakwenda wote.